Pampu ya kisima inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache: kasoro iko kwenye pampu au kwenye tangi la presha?

Mkazi wa Kiamunyi (Nakuru) aliuliza:

Hamjambo nyote. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijatoa pesa nyingi kwa jambo ambalo huenda halihitaji pesa hizo.

Nyumbani kwetu Kiamunyi tuna kisima kilichochimbwa kwa mashine hadi mita 110. Maji hukaa kwenye kina cha mita 60 hivi, na pampu ya kuzamishwa yenye nguvu ya farasi moja na nusu imening'inizwa kwenye mita 90. Maji yakifika juu huingia katika tangi la presha la lita 24, lile la chuma lenye puto la mpira ndani, ndipo yaende nyumbani. Tulichagua mpango huu badala ya tangi la mnara kwa sababu tuna bafu ghorofani na maji ya mnara mfupi yalikuwa yakifika huko kwa kudondoka tu. Swichi ya presha imepangwa kuwasha pampu geji ikishuka hadi psi 30 (psi ni kipimo cha presha) na kuizima ikifika 50. Kwa miaka mitatu hatukuwa na tatizo lolote.

Tangu mwezi uliopita, mtu akifungua mfereji mmoja tu, pampu inawaka, inafanya kazi kwa sekunde kumi au kumi na moja, inazima, kisha baada ya sekunde kama kumi na sita inawaka tena, na hivyo hivyo mpaka mfereji ufungwe. Swichi inagonga ta, ta, ta, na maji ya bafuni yanakuja kwa nguvu, yanalegea, yanakuja tena kwa nguvu. Zaidi ya hayo, usiku wakati hakuna mtu anayetumia maji, nasikia swichi ikigonga mara kwa mara. Tokeni za stima nazo naona zinakwisha upesi kuliko zamani.

Niliita fundi. Alipima hewa ya tangi kwa kipimo cha tairi kwenye ile vali ya juu, akapata 42, akasema tangi ni zima na hewa imezidi hata inavyotakiwa, kwa hiyo pampu ndiyo imechoka na inafaa tuivute juu tuibadilishe. Gharama aliyonipa, pamoja na kuvuta bomba lote, ni sawa na karo ya muhula mzima. Sina ujuzi wa kumpinga, lakini moyo wangu unasita, kwa sababu pampu ikiwaka inasukuma maji vizuri kabisa. Niangalie nini kwanza?

Fundi Mstaafu (Njoro) alijibu:

Ndugu yangu, umefanya vyema kusita. Kwa jinsi ulivyoeleza, pampu yako haina dalili ya kuchoka. Pampu iliyochoka huchukua muda mrefu kufikisha presha ya kuzimia, au haifiki kabisa. Yako inafika 50 kwa sekunde kumi. Kasoro iko kwenye nafasi ya hewa ndani ya tangi, na ile 42 aliyoipata fundi wako ndiyo iliyompoteza.

Nieleze jambo hili taratibu, maana ndipo mafundi wengi wanapokosea, na wengine ni watu wazuri wanaofanya kazi kwa bidii. Ndani ya tangi kuna maji upande mmoja na hewa upande wa pili, na katikati kuna mpira laini tu. Mpira ule hauwezi kuzuia presha. Kazi yake ni kutenganisha. Kwa hiyo maji yakiwa na psi 42, hewa nayo itakuwa na psi 42, iwe hewa yenyewe ni nyingi au imebaki kidogo tu iliyobanwa pembeni. Mtu akipima tangi likiwa na maji, anasoma presha ya maji kwa kupitia mlango wa hewa. Kama angetazama geji ya maji wakati ule ule, angeona namba ile ile. Hewa ya tangi hupimwa tangi likiwa tupu, hakuna kipimo kingine.

Fanya hivi. Zima pampu kwenye swichi kuu, si kwa kuigusagusa swichi ya presha, kwa sababu ndani ya kile kiboksi mna umeme wa volti 240 hata wakati pampu imenyamaza. Fungua mfereji ulio chini kuliko yote, ule wa bustanini kwa mfano, uache maji yatoke mpaka geji isome sifuri na maji yakome kabisa. Uache mfereji huo wazi. Sasa pima hewa. Kwa swichi inayowasha kwenye 30, hewa inapaswa kuwa 28, yaani psi mbili chini ya presha ya kuwashia. Kwa wenye geji za bar, hiyo ni 1.9 hivi. Nakisia utapata namba iliyo chini ya 10.

Kabla ya kuongeza hewa, bonyeza kidogo ile sindano ya katikati ya vali kwa kucha au ncha ya kalamu. Ikitoka hewa kavu, mpira wako ni mzima na umepungukiwa na hewa tu, jambo la kawaida baada ya miaka mitatu, kwa maana hewa hupenya mpira polepole kama inavyopenya tairi la baiskeli iliyoachwa ghalani. Likitoka tone la maji, mpira umetoboka, na hapo ama ubadilishe mpira, kama tangi lako ni la aina yenye bamba linalofunguliwa kwa boliti, ama ununue tangi lingine. Usijaribu kusukuma hewa kwenye tangi lililotoboka ukidhani umelitengeneza. Hewa itayeyuka ndani ya maji na baada ya siku chache utakuwa pale pale, na chuma cha tangi kitaanza kushika kutu kwa ndani.

Pia naomba unipimie mambo mawili kwa mtungi wa lita 20, maana bila namba tutakuwa tunabahatisha. La kwanza: subiri pampu izime yenyewe kwenye 50, kisha ukate umeme, ufungue mfereji juu ya mtungi mpaka geji ishuke hadi 30, uniambie ni lita ngapi zimetoka. La pili: ukiwa umerudisha umeme, pima pampu inajaza mtungi huo kwa sekunde ngapi kupitia koki iliyo karibu na tangi, huku geji ikiwa kati ya 30 na 50 na pampu ikiwaka muda wote.

Mama wa Riat (Kisumu) alijibu:

Naunga mkono maneno ya mzee, na ninaongeza yaliyonipata mimi, kwa sababu hilo la pampu kuwaka usiku lilinisumbua karibu nusu mwaka.

Kisima chetu ni cha kuchimbwa kwa mkono, maji yako mita sita hivi chini, na pampu iko juu ya ardhi. Ilikuwa ikiwaka usiku kila baada ya dakika chache, na asubuhi moja katika siku tatu ilikuwa ikinguruma bila kuvuta maji mpaka tuijaze kwa jagi. Tulibadilisha swichi, tukabadilisha geji, tukaongeza hewa, bila mafanikio. Mwishowe kijana mmoja alivuta bomba la kisimani akatuonyesha vali ya mwisho wa bomba, ile yenye kichujio, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasirudi chini. Chembe ya mchanga isiyozidi punje ya mtama ilikuwa imekaa kwenye mpira wake, basi kila tulipolala maji yalikuwa yakirejea kisimani polepole na presha ya tangi ikiyafuata.

Kwa hiyo, ndugu wa Kiamunyi, usichukulie kwamba kuwaka kwa mchana na kuwaka kwa usiku ni ugonjwa mmoja. Kwetu yalikuwa mawili: hewa ilikuwa imepungua kweli, lakini hata tulipoijaza, pampu iliendelea kuwaka usiku, ila kwa nafasi ndefu zaidi.

Msomaji wa Kakamega alijibu:

Jambo ambalo halijatajwa ni swichi yenyewe. Maji ya kisima chetu yana chuma nyingi; ndoo nyeupe ikikaa nayo wiki mbili inageuka rangi ya udongo. Uchafu huo uliziba kile kijibomba chembamba kinachopeleka presha kwenye swichi, hata swichi ikawa inapata habari kwa kuchelewa. Geji ilikuwa ikipanda hadi 60 kabla pampu haijazima, na ikishuka hadi 20 kabla haijawaka. Nilikifungua umeme ukiwa umekatwa na presha ikiwa sifuri, nikakisafisha kwa waya mwembamba, na swichi ikarudi katika akili yake.

Vilevile funua kifuniko cha swichi utazame mahali panapokutana vyuma vya umeme. Mimi nilikuta sisimizi waliokufa wamejazana hapo, wakawa wanazuia vyuma visigusane sawasawa. Watu huwa hawaamini nikiwaambia, lakini sisimizi hupenda joto la kiboksi hicho. Vyuma vikiwa vimeungua na kuwa na mashimo meusi, badilisha swichi nzima. Si ghali, na kuvisugua kwa msasa ni kuahirisha tu.

Fundi wa Stima (Kisumu) alijibu:

Kwa heshima ya waliotangulia, ningependekeza uliondoe kabisa hilo tangi na swichi yake, ufunge kidhibiti cha pampu cha elektroniki. Ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye bomba, kinahisi presha na mtiririko wa maji, kinawasha pampu mfereji ukifunguliwa na kuizima ukifungwa, na kinaizima pia kisima kikikauka. Hakina puto la mpira wala hewa ya kupimwa. Nimefunga vingi na wateja wanafurahi.

Fundi Mstaafu (Njoro) alijibu:

Ndugu Fundi wa Stima, kifaa hicho nakifahamu na sikidharau. Kwa pampu ndogo ya juu inayovuta kutoka tangi la plastiki uani kinafaa sana, na ulinzi wake dhidi ya kisima kikavu ni jambo jema. Ninachohofia ni kukifunga peke yake kwenye pampu ya kuzamishwa katika nyumba ambayo tayari tunashuku inavuja. Bila tangi, hakuna akiba ya maji yenye presha hata lita moja. Mtu akinawa mikono pampu inaamka. Choo kikivuja kidogo, presha inashuka na pampu inaamka tena. Mota iliyo mita 90 chini ya ardhi haichakazwi sana na kazi ya mfululizo, kwa kuwa maji yanayoipita huipoza. Inachakazwa na kuanza. Kila inapoanza huvuta mkondo wa umeme ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida, joto linajikusanya kwenye nyaya zake, na likikosa nafasi ya kupoa kabla ya kuanza kwingine, siku moja nyaya zinaungua. Kapasita ya kiboksi cha juu, ile inayoisaidia mota kuanza, nayo huchakaa kwa njia hiyo hiyo. Ukitaka kutumia kifaa hicho kisimani, kiwe pamoja na tangi na si badala yake.

Wala mpango wa tangi la mnara sio wa kubezwa, kwa wale wanaosoma hapa ambao hawajajenga. Pampu inajaza lita 5,000 kwa mkupuo mmoja, inapumzika hata siku nzima, na stima ikipotea maji yanaendelea kutoka. Upungufu wake ni kwamba kila mita moja ya kimo hukupa psi 1.4 tu, kwa hiyo mnara wa mita sita hauzidi psi 8 na nusu pale chini yake, na ghorofani hubaki chache mno. Mwenzetu ameshasema ndiyo sababu aliuacha, basi tusimrudishe huko.

Nasubiri vipimo.

Mkazi wa Kiamunyi (Nakuru) alijibu:

Asanteni sana. Nimefanya yote Jumamosi, na naandika kama nilivyoyaona.

Kwanza lita. Kabla sijagusa hewa, kutoka 50 hadi 30 zilitoka lita tatu na kidogo. Pampu ilijaza mtungi wa lita 20 kwa sekunde 40, nikarudia mara tatu na jibu likawa lile lile.

Kisha nikazima umeme, nikafungua mfereji wa bustanini mpaka maji yakaisha, nikapima hewa: psi 6. Kipimo cha tairi la gari nilichokuwa nacho hakikuweza kusoma namba ndogo hivyo, ikabidi niazime cha jirani anayeendesha baiskeli za mashindano. Nilibonyeza sindano ya vali, ikatoka hewa kavu bila hata unyevu. Nikasukuma hewa kwa pampu ya mguu mpaka 28, nikapaka povu la sabuni kwenye vali, nikaona vipovu vidogo vikitoka taratibu pale katikati. Nilinunua kiini kipya cha vali kwa fundi wa tairi, nikakibadilisha, nikajaza hewa tena, na povu likatulia.

Sasa kutoka 50 hadi 30 zinatoka lita saba na zaidi kidogo. Mfereji ule ule ukiwa wazi, pampu inafanya kazi kwa sekunde 25 na kupumzika kwa sekunde 37. Bafuni maji hayarukiruki tena. Nimemwonyesha fundi wangu, akapima mwenyewe tangi likiwa na maji na likiwa tupu, akakubali kwa roho safi, jambo ambalo limenifanya nimheshimu zaidi.

Lakini Mama wa Riat alisema kweli. Usiku pampu bado inawaka. Nilikaa na saa: kila baada ya dakika 25, bila mfereji wowote kufunguliwa.

Fundi Mstaafu (Njoro) alijibu:

Vipimo vyako vimenifurahisha, na vinasimulia mambo mawili ambayo hukuyauliza.

La kwanza ni ukubwa wa tangi. Lita 20 kwa sekunde 40 ni lita 30 kwa dakika. Kanuni tuliyoifuata kazini ni kwamba kila pampu ya ukubwa huu ikiwaka ifanye kazi angalau dakika moja kabla ya kuzima, ili joto la kuanzia lipate kuondolewa na maji yanayopita. Hiyo ina maana kwamba, hata kama hakuna mfereji uliofunguliwa, tangi lako lazima liweze kupokea lita 30 kati ya 30 na 50. Lako, likiwa zima kabisa, linapokea saba na kidogo. Watu husoma lita 24 ubavuni mwa tangi wakadhani wana akiba ya lita 24. Katika mpangilio wa 30 na 50 tangi la aina hii lenye hewa sahihi, liwe kubwa au dogo, hutoa chini kidogo ya theluthi moja ya jina lake, sehemu nyingine yote ni makao ya hewa. Kwa pampu yako linafaa tangi la lita 100. Hilo la 24 huuzwa pamoja na pampu ndogo za juu, na nadhani mtu alilitoa kwenye seti hiyo akakufungia kisimani. Sisemi ulibadilishe kesho. Nasema pesa uliyookoa kwa kutovuta pampu, sehemu yake ndogo iende huko.

La pili ni uvujaji. Lita saba zinapotea kila dakika 25, na katika siku moja hizo ni lita 400 hivi, na pampu inaamka zaidi ya mara 50 kwa kazi isiyomnufaisha mtu. Hata hivyo, nisikudanganye kuhusu tokeni: kusukuma lita 400 kunachukua pampu yako chini ya robo saa kwa siku, yaani kama uniti kumi au kumi na moja kwa mwezi. Ikiwa tokeni zako zimepotea kwa wingi kuliko hapo, tafuta sababu nyingine nyumbani, hita ya bafu kwa mfano. Ubaya wa kuwaka huku ni kwa mota kuliko kwa mita.

Ili ujue maji yanakimbilia wapi, subiri pampu izime kwenye 50, ukate umeme, ufunge koki iliyo kati ya tangi na nyumba, kisha utazame geji kwa saa moja. Ikikaa palepale, kisima chako hakina kosa na uvujaji uko upande wa nyumba. Ikishuka, maji yanarudi kisimani kupitia vali ya pampu au tundu kwenye bomba linaloshuka. Huku kwetu udongo ni wa majivu ya volkano na visima vingine hutoa mchanga mwepesi, kwa hiyo chembe kukaa kwenye vali si ajabu. Mara nyingine kuwasha pampu mara chache huku maji yakimwagwa nje kwa wingi huiondoa.

Ikiwa ni upande wa kisima, mtu atakushauri ufunge vali nyingine ya kuzuia maji hapo juu karibu na tangi, ili kuficha kosa la ile ya chini. Nakusihi usikubali. Nguzo ya maji iliyo chini ya vali hiyo mpya itaendelea kushuka na kuacha ombwe ndani ya bomba, na pampu ikiwaka maji yatapanda kwa kasi na kuigonga vali kama nyundo. Nimeona maungio ya mabomba yakipasuka kwa sababu hiyo.

Mkazi wa Kiamunyi (Nakuru) alijibu:

Nilifunga koki saa nne usiku geji ikiwa 49. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa 49. Kisima hakina kosa.

Basi tukaingia nyumbani. Mifereji yote ilikuwa mikavu, na hakuna ukuta wenye unyevu. Mke wangu ndiye aliyefikiria vyoo. Alimimina chai ya rangi iliyokolea katika tangi la kila choo, tukaacha nusu saa bila kuvuta maji. Cha wageni, ambacho hakitumiki ila jamaa wakija, kilikuwa na rangi ya chai kwenye bakuli. Mpira wa chini ya tangi lake ulikuwa umekauka na kupinda pembeni, maji yanapita kimya kimya, hata ukiinamia husikii kitu. Tumeubadilisha. Usiku wa jana nililala saa tatu geji ikiwa 47, na asubuhi niliikuta 47.

Hewa nimeipima tena jana, siku kumi baada ya kuijaza, tangi likiwa tupu: 28.

Nimekubaliana na fundi wangu atafute tangi la lita 100. Swali langu la mwisho ni kama hili la zamani, maadamu ni zima, linaweza kubaki kwenye bomba pamoja na jipya, au ni lazima liondoke.

Mama wa Riat (Kisumu) alijibu:

Hongera kwa mama wa nyumba. Sisi tutajaribu chai leo leo.

Fundi Mstaafu (Njoro) alijibu:

Linaweza kubaki, na litakuongezea lita saba juu ya 30 za jipya. Unganisha yote mawili kwenye bomba lile lile, karibu na swichi, bila koki inayoweza kufungwa kwa bahati mbaya kati ya swichi na tangi lolote. Tangi jipya huja na hewa ya kiwandani ambayo mara nyingi si ile unayoihitaji, kwa hiyo lipime kabla halijaingizwa maji, na uweke yote mawili kwenye 28. Ukiacha moja likiwa na hewa iliyozidi 30, halitatoa maji yake yote kwa mpangilio: litakuwa limekwisha kuwa tupu kabla swichi haijawasha pampu, na kwa sekunde chache presha ya bafuni itaanguka ghafla. Ukiacha moja likiwa na upungufu, akiba yake itapungua kama ulivyoona. Mwambie fundi afunge pia vali ya usalama itakayofunguka yenyewe presha ikizidi, kwa sababu pampu yako ina uwezo wa kupita 50 kwa mbali sana endapo vyuma vya swichi vitashikana na kukataa kuachana, na tangi la chuma si mahali pa kujaribia bahati.

Andika tarehe ya kupima hewa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tangi, upime tena baada ya miezi sita.

Mkazi wa Kiamunyi (Nakuru) alijibu:

Nimeandika. Fundi anakuja Alhamisi na tangi jipya, na nitapima lita kwa mtungi ule ule kabla hajaondoka.